Kinga

Mwezi wa saba, Mabela mchana ni mji wa milango iliyofungwa.
Hata paka kalala chini ya gari, ulimi nje.
Mpira huanza baada ya isha,
kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya duka la matairi,
taa nne, moja inapepesa,
na joto bado limekaa mabegani
kama shuka iliyotoka kupigwa pasi.

Mwanangu Azzan ana waya.
Vijumba ishirini na vinne vya chuma,
navilipia kila mwezi riali thelathini na tano
mpaka Shaabani ya mwakani.
Simdai shukrani.
Nadai tu afunue midomo akicheka.

Maana mimi sikucheka.
Nilikuwa na miaka tisa. Bembea ilikwenda, ubao ukarudi,
jino la mbele likabaki kwenye changarawe.
Mama alilitafuta kwa kurunzi, akapata nusu.
Itazame picha ya harusi yangu:
dhahabu shingoni, hina mpaka viwikoni,
mdomo umefungwa kama bahasha.

Daktari Ibtihaji alimpimia kinga,
laini, ya buluu, yenye nafasi ya waya kupumua.
Akamwambia: "Bila hii, hata golini usikae.
Chuma hakijui kwamba shavu ni lako."
Azzan akaitikia kwa kichwa,
kile kichwa cha miaka kumi na minne
kinachoitikia huku kimeshatoka nje.

Jumatatu akaiacha garini,
juu ya dashibodi, vioo juu, saa saba mchana.
Jioni niliikuta imejikunja, inang'aa,
mithili ya kipande cha halua
kilichosahauliwa na wageni.
"Leo tu, mama. Mechi ya kirafiki."

Kirafiki.
Kiwiko cha Mundhir hakikuwa na uadui wowote.
Kiliruka pamoja naye kuutafuta mpira, kikakuta mdomo.
Waliniletea mtoto na chupa ya maji,
kilemba cha mtu kimebanwa midomoni,
na nyama ya ndani imenasa kwenye waya
kama nguo kwenye seng'enge.
Niliinasua mwenyewe, jikoni, penye taa nzuri.
Nilimwambia ahesabu.
Akahesabu kwa Kiarabu, akafika saba,
akalia kwa Kiswahili.

Meno yote yapo. Niliyahesabu mara mbili,
na alipolala nikayahesabu tena.
Kijumba kimoja kiling'oka kikaning'inia;
tukakifunika kwa nta, usiku kucha,
mpaka kliniki ilipofunguliwa.

Siku tano hakutafuna kitu.
Lakini ni msimu wa rutabu. Jirani alituletea sinia
ya khunaizi nyekundu, imeanza kulainika upande mmoja.
Nikakaa naye, natoa kokwa,
nampa moja moja, upande ulio laini,
kama nilivyompa kabla hajajaa meno.
Hakuona haya.
Nami sikumwambia nilichokuwa nakumbuka.

Kinga mpya inalala frijini, kwenye kijaluba chenye matundu,
kando ya bakuli la mtindi.
Riali kumi na tano juu ya zile nyingine.
Kwenye kifuniko nimeandika kwa wino mzito: SI GARINI.

Jana baada ya isha akaivaa mbele ya kioo,
akapandisha soksi,
mdomo umetuna kwa mbele, kama mtoto aliyenuniwa akanuna.
"Mama, uthinithubiri," akasema.
"Tutachelewa thana."

Miaka kumi na miwili sijaisikia sauti hiyo.

Mlango ukajifunga.
Nikabaki nimesimama na viatu vyake vya shule mkononi,
nacheka peke yangu, mdomo wazi,
pengo na yote.